Mapigo Manne ya Mwanzo

Watu wa Gesima wakitaka kumsema Mwalimu Nehemiah Nyangau husema kwamba amefundisha watu mia mbili kuimba, na nyumbani kwake hana hata mmoja wa kumwitikia. Mimi ni jirani yake, nyumba ya tatu ukishapita shamba la majani chai, na maneno hayo nimewahi kuyasema kwa kinywa changu mwenyewe na kuyacheka. Siku hizi nikisikia mtu akiyasema naondoka. Kuna jambo katika maisha ya mtu yule ambalo yeye mwenyewe halijui. Wanaolijua ni mimi na mwanamke mmoja aliyeolewa Magwagwa.

Jina langu ni Bitutu. Mwaka wa 1961 niliingia kwaya ya kanisa letu la Wasabato nikiwa msichana, nikawekwa sauti ya kwanza. Mama alikuwa akisema Mungu alinipa sauti nzuri kisha akasahau kuiwekea mlango. Alisema kweli. Nimeongea maisha yangu yote, na mengi ya niliyoyasema hayakudhuru mtu. Moja lilidhuru.

Mwalimu Nyangau alifundisha darasa la nne mchana, na Jumatano jioni alifundisha kwaya. Alikuwa mrefu, mwembamba, wa koti moja, na katika mfuko wa koti alibeba kijichuma chenye vidole viwili alichokigonga gotini ili apate sauti ya kuanzia. Muziki kwake ulikuwa do, re, mi. Aliuandika kwa herufi, d, r, m, mistari minne kwa sauti nne, na alikuwa na utaratibu wake ambao haukuvunjwa. Karatasi zilikuwa haba, kwa hiyo kila mtu alipewa mstari wa sauti yake peke yake. Sisi wa kwanza hatukujua alto wana nini, wala besi hawakujua sisi tuna nini, mpaka siku ya mazoezi tulipokutana. Ukimwomba akuonyeshe mstari wa jirani alikataa. "Shika wako," alisema. "Ukijua wa mwenzako utaufuata."

Katika alto kulikuwa na Kwamboka. Alikuwa rafiki yangu, tulichota maji mto mmoja, na alikuwa na kasoro moja ambayo kanisa zima liliijua: aliingia mapema. Mwalimu akiinua mkono, kabla hajaushusha, Kwamboka ameshaanza. Tulimtania njia nzima kurudi nyumbani. Haraka haraka haina baraka, tulimwambia, utafika mbinguni utakuta bado wanafagia. Mimi nikikosea Mwalimu alinikemea mbele ya watu. Kwamboka akiingia mapema aliangalia juu, kwenye mabati, akangoja kidogo, kisha akasema, "Tuanze tena." Nililiona hilo na sikulipenda.

Mwalimu alikuwa na miaka thelathini na mbili na hana mke, na kwetu hilo ni jambo la kuulizwa sokoni. Sababu ilijulikana. Alizaliwa peke yake. Kwetu kijana huoa kwa ng'ombe walioletwa nyumbani kwa ajili ya dada yake. Asiye na dada humtegemea baba, na baba yake alikufa akiacha ndizi na deni la shukrani tu kwa waliomzika. Mshahara wa mwalimu ungeweza kununua ng'ombe mmoja mmoja, kwa miaka, kama msichana angekubali kungoja. Lakini msichana huyo ilibidi aulizwe kwanza. Na Nehemiah Nyangau, anayeweza kusimamisha waimbaji arobaini kwa kidole, hakuweza kumwuliza msichana mmoja kitu chochote.

Ilikuwa Aprili 1964, majira ya mvua. Baada ya mazoezi aligawa karatasi za wimbo mpya kama kawaida, na Kwamboka akapewa mbili. Tulipofika njiani akanionyesha ile ya pili.

Naikumbuka mpaka leo. Juu iliandikwa "Alto. Do ni G." Hapakuwa na maneno, noti tupu. Mstari ulianza na so nne, zikafuata so nyingine, kisha noti moja ya la, kisha so tena, so, so, mpaka mwisho. Wimbo wa sauti moja, kama mlango usiotiwa mafuta. Chini kabisa, kwa mwandiko wake wa kulala, aliandika: "Sauti tatu nyingine ziko kwangu."

"Hii ni nini?" Kwamboka aliniuliza.

"Ni adhabu," nilimwambia. "Amechoka na wewe kuingia mapema. Anataka ukae nyumbani uhesabu so mpaka upate adabu."

"Na hapa chini? Anasema sauti zingine ziko kwake."

"Sasa ulitaka ziwe kwa nani? Kwa chifu? Yeye si ndiye mwalimu?"

Tulicheka. Halafu Kwamboka aliacha kucheka, akaishika ile karatasi kwa mikono miwili isipate mvua. "Kesho niende nimwulize?" alisema.

"Ukienda utaongezewa ukurasa wa pili. Wewe ngoja siku ya mazoezi. Akitaka uimbwe ataita sauti zote."

Wazee wanasema kuuliza si ujinga. Mimi nilimfanya aone ni ujinga. Na niseme ukweli wangu hapa, maana hakuna mahali pengine nitakapousema: niliona wivu. Miaka mitatu nilikuwa sauti bora ya kwaya ile na sikuwahi kupewa karatasi yangu peke yangu. Sikujua maana yake ilikuwa nini. Nilijua tu kwamba haikuwa yangu.

Kwamboka aliikunja akaiweka ndani ya Biblia. Alijifunza ule mstari, kwa kuwa alikuwa mtiifu. Nilimsikia akiuimba akichuma majani chai, so, so, so, so, kikapu mgongoni, kama mtu anayehesabu. Akangoja siku ya mazoezi.

Na Mwalimu akangoja. Wiki zile nilipita kwake kuazima chumvi nikakuta uwanja umefagiwa, tena umefagiwa na mwanamume. Juu ya meza palikuwa na vikombe viwili. Miaka yote alikuwa na kikombe kimoja cha bati. Sasa kulikuwa na cha pili, cha udongo wa kizungu, cheupe chenye mstari wa bluu, bado kina karatasi ya bei ya dukani iliyobandikwa chini yake. Nilimwuliza kama anangoja mgeni. Akasema mtu huwezi kujua. Mei ikapita, Juni ikapita. Ule wimbo hakuuita mazoezini hata siku moja. Ungeitwaje? Haukuwa wa kanisa.

Mwezi wa kumi na mbili ng'ombe walikuja kwa kina Kwamboka kutoka Magwagwa. Kijana aliitwa Nyamongo, mfanyabiashara wa ngozi, mtu mpole, sina neno baya juu yake. Arusi ilikuwa mapema 1965 katika kanisa letu. Kwaya iliimba nyimbo tatu, Mwalimu akaziongoza zote na hakukosea popote. Bibi arusi alikaa mbele, amenyamaza, na alto yetu siku ile ilikuwa nyembamba.

Miaka iliyofuata mtu aliyekaa nyumba ya tatu angeweza kuandika ratiba ya Mwalimu kwa kusikiliza tu. Asubuhi akiwasha moto aliimba besi ya wimbo fulani. Akienda mtoni aliimba teno, sauti ya tatu. Jioni akisonga ugali wake aliimba sauti ya kwanza, kwa koo jembamba la mwanamume, mpaka watu waliopita njiani walicheka. Ilikuwa daima tuni ileile. Alto hakuiimba kamwe. Kabla ya kuanza aligonga kitu mara nne, sufuria au ndoo au mpini wa jembe, ndipo akaanza. Nilidhani ni mazoea ya mtu anayeishi peke yake. Mimi wakati huo nilikuwa nimeolewa palepale kijijini, nina watoto, na nyumba yangu haikuwa na nafasi ya kimya. Kwake kimya kilikuwa kingi, akakijaza alivyoweza.

Mwaka wa 1967 redio yake ndogo iliharibika. Nilikuwa na shughuli Kisii mjini, tukaenda pamoja. Nyuma ya soko kulikuwa na fundi wa redio kutoka upande wa ziwa, Odero, mtu mnene wa kucheka, ambaye ukutani alitundika gita na alilipiga kila kazi ilipopungua. Alifungua redio, Mwalimu akasimama kwenye kaunta akingoja, na kwa kusahau akagonga kaunta kwa kidole mara nne, akapiga mluzi ile tuni.

Odero aliacha redio. "Rudia hiyo, mwalimu."

Mwalimu aliona haya, lakini akarudia. Odero alitoa gita ukutani, akatafuta, akapata. Kwenye nyuzi wimbo ulichangamka. Ulipata miguu.

"Hii wimbo ni ya nani?"

"Haina mwenyewe," Mwalimu alisema.

"Wimbo haikosi mwenyewe."

"Hii haina. Ukiitaka, chukua."

"Na hizo nne unagonga mbele, ni za nini?"

Mwalimu aliangalia redio yake iliyofunguliwa tumbo. "Ndivyo inavyoanza," alisema.

Njiani nilimwambia amekuwa mkarimu sana kwa mtu asiyemjua. Tulipofika Gesima alisema kwaheri tu.

Miaka minne ikapita. Siku moja mwaka wa 1971 nilikuwa dukani nikinunua mafuta ya taa, redio ya mwenye duka ikatoa mlio wa chupa ya soda ikigongwa kwa msumari: ti, ti, ti, ti. Halafu magita matatu yakaingia pamoja, na vijana wawili wakaimba juu ya msichana aliyevaa viatu vyeupe, kwamba aje, kwamba wataenda kucheza mpaka viatu viishe. Odero alikuwa amekwenda Nairobi na wenzake wakaurekodi. Mwenye duka alikuwa anatikisa mabega nyuma ya mizani. Nami mguu wangu ulikuwa umeshaanza, mguu wa mke wa shemasi.

Nilikwenda mbio kwa Mwalimu. "Wimbo wako umeibwa!"

"Haujaibwa. Nilipeana," alisema. Alikuwa ameshausikia. "Bitutu, pale mwanzo wameweka nini? Redio yangu haisikiki vizuri."

"Chupa."

"Chupa," alirudia, akatikisa kichwa polepole. "Sawa. Chupa inaweza kufaa."

Nilimwona uso ulivyokuwa, nikadhani ni uchungu wa mtu aliyekosa sifa. Hata baada ya miaka kumi ya ujirani, nilikuwa bado simjui.

Wimbo ule ulienea. Ulipigwa kwenye kipindi cha salamu redioni, ulipigwa kila hoteli ya njiani, na wachuma majani chai waliuimba wakishindana. Kisha vijana wetu wa kanisa walikamatwa wakiucheza Jumamosi jua halijatua, kwenye bweni la shule, na wazee wakakaa kikao. Mzee Machogu, mzee mkuu wa kanisa, alikuwa mtu wa haki lakini alipenda kitu kijulikane kwa jina lake. Hakutaka kukataza wimbo bila kueleza ubaya wake uko wapi. "Tuna mtaalamu," alisema. "Mwalimu Nyangau atauchambua mbele ya watu wote, kipande kwa kipande, atuonyeshe shetani amekaa wapi." Wakamwekea Sabato ya pili ya Agosti 1972, mchana, mkutano wa vijana.

Usiku huo huo nilikuwa nimeshahesabu matokeo. Akisema wimbo ni wake, atafutwa kwenye kitabu cha kanisa na kwaya atanyang'anywa. Na mtu yule bila kwaya angebaki na nini? Sufuria. Nilimwendea asubuhi nikamwambia aseme ana homa. Akasema hana homa.

Sabato hiyo kanisa lilijaa mpaka madirishani. Upande wa wanawake, benchi la nyuma, nilimwona Kwamboka. Alikuwa amekuja na mumewe kumwona baba yake mgonjwa, na mtoto wake wa nne alikuwa mgongoni. Alikuwa amenenepa, uso umetulia. Nilimpungia mkono, akanijibu kwa kichwa tu. Sikujua kama Mwalimu amemwona.

Ubao wa shule uliletwa mbele. Mwalimu alivua koti, akachora mistari minne, akaandika pembeni: kwanza, alto, teno, besi.

"Wimbo huu," alianza kwa sauti yake ya darasani, "ni wa furaha. Do ni G. Mwendo wake ni wa mtu anayeteremka kilima bila mzigo." Aligonga meza kuonyesha mwendo, na vijana wa nyuma wakakohoa ili wasicheke. "Gita la chini ndilo besi." Akaandika noti za besi. "Linakanyaga kabla mguu wako haujakanyaga, ndiyo sababu mguu unalifuata. Gita la pili ni teno." Akaandika. "La tatu linapambapamba tu, hilo liacheni. Mwimbaji ndiye sauti ya kwanza." Akaandika tuni nzima kutoka kichwani, haraka, bila kusita.

"Mwalimu," Mzee Machogu alisema, "umeusikia mara ngapi?"

"Mara za kutosha, mzee."

"Na ni nini hasa kinachowafanya warudie rudie? Mtoto wangu anauimba mpaka usingizini."

Mwalimu aliweka chaki kwenye noti ya mwisho ya mstari wa kwanza. "Ni hapa. Tuni inapanda, inashuka, ukidhani sasa inafika do, nyumbani, inasimama re. Re ni mlangoni. Sikio haliwezi kulala mlangoni, kwa hiyo linaanza upya. Kwenye santuri wimbo huu hauishi. Wanapunguza sauti tu mpaka usisikike."

"Huo ni ujanja."

"Si ujanja, mzee. Aliyeutunga hakujua mwisho wake."

Mimi nilishika benchi. Mzee Machogu aliinama mbele kidogo, na kwa upole, nafikiri, akauliza, "Unamjua aliyeutunga?"

"Namjua," Mwalimu alisema. "Nitakwambia. Lakini nimalize kwanza kazi mliyonipa."

Akageukia ubao. Alikuwa amejaza mstari wa kwanza, wa tatu na wa nne. Wa pili ulikuwa mtupu. Tena kulikuwa na jambo jingine, ambalo niliona sasa kwa mara ya kwanza kwa kuwa kwa mara ya kwanza mistari iliwekwa pamoja: sauti zote tatu zilianza na mapigo manne ya kimya. Zilikuwa zinangoja.

"Mmeniuliza ubaya wa wimbo uko wapi. Uko hapa. Hawana alto. Wale vijana wawili wanaimba kitu kimoja, mmoja juu mmoja chini. Katikati hakuna mtu. Na hapa mwanzo, mapigo manne, wameweka chupa. Chupa imekaa mahali pa mtu." Alifuta mikono kwa suruali. "Kwaya, simameni. Alto msiimbe. Wengine someni ubaoni, polepole, kwa la-la. Mnaanza baada ya mapigo manne."

Aliinua mkono. Kabla hajaushusha, kutoka benchi la nyuma upande wa wanawake, sauti iliingia. So, so, so, so. Ilikuwa ya mwanamke, si ya msichana tena, nzito kidogo, na ilikuwa imenyooka kabisa. Watu waligeuka. Kwamboka alikuwa amesimama, mtoto amelala mgongoni, anaangalia ubao.

Mkono wa Mwalimu ulishuka mahali pake, na kwaya ikaingia.

Nisikilizeni mimi niliyeimba sauti ya kwanza miaka yote hiyo. Ule mlango usiotiwa mafuta, ule wimbo wa noti moja, ndio uliobeba kila kitu. Tuni ilipanda na ile so ikabaki chini yake ikiishikilia. Ilipofika ile la moja tu, katikati, nilisikia mwili wote ukinisisimka. Nikaelewa. Msichana aliingia mapema, na mtu mmoja badala ya kumkemea alikaa chini akatunga wimbo ambamo kuingia mapema ndiko kulikokuwa sahihi. Wote wengine wanangoja, yeye anaanza. Na mtu huyo alimpa mstari wake tu, kwa sababu ndio utaratibu wake, akaandika chini kwamba sauti nyingine ziko kwake ili aje kuziuliza, akanunua kikombe cha pili.

Na mimi nikasema ni adhabu.

Walipofika re, Mwalimu hakuwarudisha mwanzo. Aliwaonyesha kidole chini, wakateremka do, wakaishikilia, ikaisha. Mara ya kwanza ule wimbo kufika nyumbani.

Kisha Mzee Machogu akasimama, macho yamelowa, akasema hivi ndivyo kitu cha dunia kinavyookolewa, na kwamba binti huyu ni mfano kwa vijana, ameolewa mbali lakini hajasahau alichofundishwa. Nyamongo, kule upande wa wanaume, alitabasamu kwa fahari. Wakakubaliana wimbo utafutiwe maneno ya zaburi. Habari ya mtunzi Mzee Machogu hakuiuliza tena, wala Mwalimu hakuisema.

Mlangoni, kama ilivyo desturi yetu, tulipanga mstari tukapeana mikono. Kwanza mzee, kisha Mwalimu, kisha sisi. Kwamboka alimfikia Mwalimu mimi nikiwa karibu kiasi cha kusikia.

"Nilingoja siku ya mazoezi, mwalimu," alisema. "Mimi na Bitutu tulidhani ni adhabu."

Mwalimu aliushika mkono ule muda wa kawaida, haukuzidi. "Sikuyaita," alisema. "Kosa ni langu." Kisha akasema, "Leo hukuingia mapema."

Alinifikia mimi. Aliniangalia bila hasira, na ingekuwa afadhali angekuwa na hasira. "Haikuwa adhabu, Bitutu," alisema kwa sauti ya chini, akanipa mkono, akapita kwa mwingine. Jioni hiyo walirudi Magwagwa.

Huu ni mwaka wa 1979. Wimbo ule tunao bado, na maneno ya zaburi. Alto huanza peke yao mapigo manne, na katika mapigo hayo Mwalimu huangalia juu, kwenye mabati. Mvi zimemjaa. Hakuoa. Hapigi tena mluzi ile tuni, wala hagongi ndoo, na jioni nikiwa hapa nyumba ya tatu sisikii kitu.

Anaamini kosa lilikuwa lake, kwa kuwa hakuita mazoezi. Amelibeba hivyo miaka saba. Kila wiki najiambia nitakwenda nimwambie kwamba msichana alitaka kuja kesho yake, kwamba alikuwa ameshikilia karatasi kwa mikono miwili, na kwamba aliyemzuia ni mimi. Jana nilikwenda. Nilisema nimekuja kuazima chumvi, na nyumbani nilikuwa nayo. Alinikaribisha, akanimiminia chai katika kile kikombe cheupe cha mstari wa bluu. Ile karatasi ya dukani ilikuwa bado imeng'ang'ania chini yake. Nikanywa, nikashukuru, nikarudi nyumbani na chumvi.